Mpangaji, taa yako inakula majani bila kutoa maziwa

Wadau, leo naweka pembeni siasa za halmashauri na mpira. Nataka tuzungumze kuhusu taa. Ndiyo, taa ya chumbani kwako! Najua wapo watakaosema huyu mwandishi kaishiwa habari. Vumilieni nimalize, halafu mniambie kama hii si habari.

Hoja yangu ni hii: katika nyumba za kupanga za Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na kule Mugumu, mtu wa kipato kidogo analipia mwanga ghali kuliko mwenye uwezo, halafu mwanga wenyewe haumfikii pale anapouhitaji. Wenye nyumba wana sehemu yao ya lawama na nitawasema bila kumumunya maneno. Lakini na sisi wapangaji tuna sehemu yetu, kwa sababu tunaingia dukani na kuchagua taa kama watoto wanavyochagua pipi. Anayeumia kuliko wote hayupo kwenye mazungumzo haya. Ni mwanafunzi anayetakiwa kusoma usiku.

Tuanze na chumba chenyewe, maana wote tunakijua. Futi kumi kwa kumi, au chumba na sebule kwa aliyebahatika. Fundi umeme kaweka holda moja katikati ya dari, swichi mlangoni, soketi moja ukutani, basi, kazi imeisha. Wewe ukihamia unagawa chumba kwa pazia: huku kitanda, huku kochi na meza. Sasa ile taa moja iko upande mmoja wa pazia. Upande wa pili ni giza. Na hata upande wenye taa, mtoto akikaa mezani akiupa mgongo mwanga, kivuli cha kichwa chake mwenyewe kinaanguka juu ya daftari. Baba anaona chumba kinang'aa, anasema "mbona taa ipo, soma!" Mtoto anasoma kivuli.

Sasa njoo kwenye mita. Nyumba ya vyumba sita, mita ya LUKU moja. Mwenye nyumba anakusanya kwa kila chumba kiasi kilekile, au anapanga bei kwa vitu: mwenye TV aongeze, mwenye friji aongeze zaidi, pasi marufuku, hita usitaje kabisa. Nimepanga nyumba za namna hiyo, Tarime na Mugumu pia, na hakuna hata moja niliyoulizwa balbu yangu ni ya wati ngapi. Aliyeweka balbu ya wati 100 na aliyeweka ya wati 7 wanatoa hela sawa. Niambieni, nani atajisumbua kutafuta taa inayobana matumizi wakati faida ya kubana inakwenda kwa jirani?

Hapo ndipo penye dhuluma ambayo watu wengi hawaijui. Bei za umeme zilizoanza kutumika Aprili 2016 ziliwagawa wateja wa nyumbani katika makundi. Kundi la matumizi madogo, yaani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, liliwekewa sh. 100 kwa uniti. Kundi la kawaida, sh. 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unapata sh. 122 kwa yule na kama sh. 356 kwa huyu. Karibu mara tatu!

Nia ilikuwa njema kabisa: mnyonge apate umeme wa bei nafuu. Lakini nani aliyehesabiwa kuwa mnyonge? Mita, siyo mtu. Mwenye nyumba yake na mita yake, anakaa na mke tu, anatumia uniti 60, anaweza kuwa kundi la bei ndogo. Akina Chacha, Bhoke na wenzao wanne waliopanga nyumba moja, kila chumba kinatumia uniti 20, jumla 120. Mita inawaona kama tajiri mmoja. Muuza mbogamboga wa soko la Mugumu anayetumia uniti 20 analipa kila uniti mara tatu ya jirani yake anayetumia 60. Haya ndiyo mambo ambayo ungetegemea wabunge wetu wayapigie kelele, lakini wao wana mita zao.

Kisha tukaongezewa jingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo inakatwa mfukoni kwa mpangaji kwanza. Umewahi kusikia mwenye nyumba akisema "wanangu, mwezi huu punguzeni ile kodi ya jengo kwenye pango"? Mimi bado nasubiri.

Sawa. Sasa mpangaji afanye nini? Akae analalamika? Hapana. Ndiyo maana nikasema tuzungumze kuhusu taa, kwa sababu taa ndicho kitu pekee kwenye nyumba hiyo ambacho unaweza kukibadilisha leo jioni bila kumwomba mtu ruhusa.

Kosa kubwa tunalofanya dukani ni kuuliza wati. "Nipe ya wati nyingi, nataka mwanga mkali." Jamani, sisi ni watu wa ng'ombe! Mkurya gani anakwenda mnadani akachagua ng'ombe wa maziwa kwa kuuliza anakula majani kiasi gani? Wati ni majani. Ni umeme ambao taa inakula. Maziwa yake yanaitwa lumeni, na yameandikwa kwenye boksi, ila hatusomi. Balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka ndani ya kioo, inakula wati 60 na kutoa kama lumeni 700 hadi 800. Sehemu kubwa sana ya umeme inaoula inageuka joto. Iguse uone! Balbu ya LED ya wati 9 iliyotengenezwa vizuri inatoa lumeni karibu hizohizo 800. Ng'ombe wawili, maziwa sawa, mmoja anamaliza boma zima la majani.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inatumia uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9, uniti 1.35. Kwa bei ile ya sh. 356, ya kwanza inakula kama sh. 3,200 kwa mwezi, ya pili sh. 480.

Turudi kwenye nyumba yetu ya vyumba sita. Weka taa mbili kila chumba, zote za wati 60: uniti 108. Ongeza taa ya nje, maana mwenye nyumba anataka iwake usiku kucha kwa ajili ya wezi, saa kumi na mbili: uniti 21.6. Jumla ni kama uniti 130, na hapo hujawasha redio wala kuchaji simu. Nyumba imeshavuka 75 kwa taa peke yake. Badilisha zote ziwe LED za wati 9. Jumla inakuwa kama uniti 19 na nusu. Zinabaki uniti 55 za TV, redio na simu za vyumba vyote kabla hamjafika 75. Kumbe balbu inaweza kuamua nyumba nzima ikae kundi gani! Nendeni mkaulize ofisi ya TANESCO mita yenu iko kundi gani na mkipunguza matumizi mnaweza kuhamishwa lini. Na kama bei zitabadilika, chukueni hesabu hii mweke namba mpya.

Kuna atakayesema, "wewe ndugu umepitwa na wakati, siku hizi kila mtu ana LED." Vizuri. Lakini ibada ya wati haijaisha, imehamia huko. Sasa tunanunua LED za wati 30 na 40, zenye umbo la chungu, tunaning'iniza kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Taa hiyo ilifaa ghala la mahindi. Unaingia chumbani kwa mtu unafumba macho kama umemulikwa na lori la Sirari, halafu nyuma ya pazia bado ni giza totoro.

Nasema mwanga usogezwe, usiongezwe. Taa ndogo ikiwa nusu ya umbali kutoka kwenye daftari, mwanga unaofika kwenye daftari ni mara nne. Balbu ya LED ya wati 5 kwenye holda ya mezani, au imening'inizwa kwa waya salama kwenye kona ya kusomea, itamfaa mwanafunzi kuliko dude la wati 30 darini. Iweke upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, kivuli cha mkono kisianguke kwenye mstari anaoandika. Ikiwaka saa nne kila usiku inatumia uniti 0.6 kwa mwezi. Kwa bei ileile ya juu, hiyo ni kama sh. 214. Kwa mwezi mzima, wadau! Halafu mzazi anasema umeme wa kusomea ni ghali.

Wapo pia wanafunzi wa sekondari za kata waliopanga vyumba karibu na shule, geto wanayaita wenyewe, kwa sababu nyumbani ni mbali. Hao hawana baba wa kuwawashia taa. Mwenye nyumba akisema saa nne taa zizimwe, zinazimwa. LUKU ikiisha, na kila chumba kikisubiri chumba kingine kinunue, anawasha kibatari kando ya chandarua. Tunajua moto unavyoanza. Kwa huyo, balbu ya kuchaji inayoendelea kuwaka umeme ukikatika, au taa ndogo ya sola, ni kifaa cha shule kama daftari na kalamu. Mzazi unayenunua sare na begi, iweke kwenye orodha.

Rangi ya mwanga nayo ni jambo. Maduka yetu yamejaa taa za mwanga mweupe wa kuelekea buluu, kelvini 6500. Ukiuliza nyingine unaambiwa "hii ndiyo inang'aa." Matokeo yake vyumba vya kulala vinafanana na chumba cha sindano. Mweupe huo unafaa mezani pa kazi, kwa fundi cherehani anayetafuta uzi mweusi na wa bluu iliyokolea. Kitandani, usiku, mwanga wa aina hiyo unachelewesha usingizi. Tafuta iliyoandikwa 2700 au 3000, ile ya manjano kidogo. Na kwa walio Mugumu na vijiji vya kuelekea hifadhini, mnajua mvua zikianza wadudu wanavyoingia: mwanga wa manjano unawavuta kidogo kuliko mweupe. (Kama unataka kumbikumbi kwa chakula, hapo washa mweupe, sikukatazi!)

Angalia pia volti zilizoandikwa. Umeme wetu unapanda na kushuka kama bei ya mahindi. Balbu iliyoandikwa inafanya kazi kuanzia volti 85 hadi 265 inavumilia kuliko iliyoandikwa 220 hadi 240 tu. Omba muuzaji aijaribu dukani, omba risiti, uliza kama ina dhamana. Na kabla hujanunua tazama holda yako ni ya kusokota au ya kuchomeka, usije ukarudi dukani usiku.

Zile taa za mrija uliosokotwa, ambazo miaka ya nyuma tuliziita enaji seva, zina zebaki ndani. Zebaki tunaijua huku kwetu, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaitumia kila siku na tunajua madhara yake. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuacha kuzitengeneza na kuziuza nje, zile za hadi wati 30, ifikapo 2025. Kwa hiyo ukiona zinauzwa kwa bei ya kutupa, ujue kwa nini zinatupwa. Ikikupasukia chumbani, fungua madirisha, toa watoto nje, usifagie kwa ufagio, kusanya kwa karatasi ngumu.

Taa ya bei rahisi kuliko zote haiuzwi kwenye duka la umeme. Ni chokaa. Ukuta uliopakwa rangi ya kahawia au kijani kilichokolea, ambayo wenye nyumba wanaipenda kwa sababu haionyeshi uchafu, unameza mwanga. Paka nyeupe, balbu ileile itakupa chumba kingine.

Na sasa wale wa mapambo. Mnielewe, sichukii uzuri. Lakini ule mtindo wa kuzungushia dari la jipsamu mikanda ya taa nyekundu, bluu na zambarau zinazobadilika kama ukumbi wa disko, wakati mtoto anaandika hesabu sakafuni, mimi naita ni ushamba wa mjini. Tumejifunza kuonyesha taa badala ya kuonyesha kitu kwa taa. Mgeni akija anasifu dari. Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, hakuna anayesifu dari.

Nimewasikiliza wenye nyumba, maana haki ni pande mbili. Mzee mmoja aliniambia, "Mura, mimi nimejenga kwa kuuza ng'ombe. Kila chumba na mita yake nitatoa wapi hela?" Ana hoja. Januari 2022 serikali ilitangaza gharama za kuunganisha umeme: sh. 27,000 vijijini, lakini sh. 320,960 mjini. Vyumba sita mjini ni karibu milioni mbili. Mwingine akasema wapangaji wenyewe ni wajanja: anasema ana taa na simu tu, usiku anachomeka jiko la umeme. Na yeye ana hoja.

Lakini majibu yapo. Kuna mita ndogo za kufunga ndani kwa kila chumba, nyuma ya ile ya TANESCO, ambazo fundi yeyote mwenye leseni anaweza kufunga. Hazitaki maombi ya umeme mpya. Zinasoma nani kala nini. Mjanja wa jiko anaonekana, na mwenye LED analipa cha LED. Mwenye nyumba mwenyewe anapona ugomvi wa kila mwezi. Tatizo ni kwamba kwa wengine giza hili la hesabu lina faida: unakusanya kwa vyumba sita, unanunua umeme wa nusu, chenji unabaki nayo. Hao ndio ninaowasema, na wanajijua.

Na wewe mpangaji unayesema "nyumba si yangu, kwa nini nigharamike"? Nyumba si yako, balbu ni yako! Siku ya kuhama unaifungua, unaifunga kwenye soksi, unaondoka nayo. Macho ni yako pia. Mtoto ni wako.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wapangaji wa nyumba moja wakae kikao kimoja, wakubaliane balbu zote ziwe LED na taa ya nje iwe ndogo au yenye kuwaka mtu akipita. Wenye nyumba wafunge mita ndogo na wabandike risiti za LUKU ukutani kila mtu azione. Na wanaopanga bei za umeme watafute njia ya kumtambua mtu aliye nyuma ya mita, kwa sababu nyumba ya familia sita maskini siyo tajiri mmoja.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024 na lina uwezo wa megawati 2,115. Tumelipigia makofi, na lilistahili. Umeme wa gridi umesafiri nchi nzima mpaka umefika kwenye dari lako. Zimebaki mita mbili, kutoka darini hadi kwenye daftari, na hizo haziko kwenye bajeti ya wizara yoyote.

Naomba kuwasilisha.